Boga la Thelathini na Mbili

Watoto wa darasa la tatu walikuwa thelathini na mmoja, na maboga yalikuwa thelathini na mawili. Hapo hakuna cha kutisha. Boga lililozidi liliwekwa juu ya meza ya mwalimu, likaitwa la mwalimu, yakaisha. Lakini Jumanne asubuhi, Mwalimu Felisita alipofungua darasa kwa ufunguo aliokuwa nao peke yake, alikuta kwenye boga lake nukta moja nyeupe ya chokaa. Aliigusa. Ilikuwa bado mbichi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, mwaka mmoja tangu watu wa upande wa Migato wapakiwe kwenye malori na kushushwa katika kijiji kipya cha ujamaa. Shule ilikuwa na kuta na paa, ila rangi na karatasi za kuchorea zilikuwa hadithi tu. Felisita hakuwa mtu wa kukaa akisubiri vifaa. Kwenye semina ya walimu kule Mwanza, kabla ya kuhamishwa, aliwahi kuona kazi za mchoraji mmoja kijana, Rehana, ambaye hakutumia brashi. Alichovya kidole kwenye rangi, akagonga nukta juu ya boga, kubwa tumboni, ndogo ndogo kuelekea kikonyo, mpaka ukaona boga linapumua. Aliwaambia walimu kwamba boga lina mistari yake tayari, kazi yako ni kuifuata. Felisita alirudi nyumbani na maneno hayo akamweleza binti yake Mektilda, akamwahidi kwamba maboga yakikomaa watapamba pamoja.

Mektilda hakuyaona yakikomaa. Alikuwa na miaka sita, mtoto wao wa pekee, na surua ilimchukua kwa siku tisa. Walimzika Jumatano pembeni ya zizi. Ijumaa lori lilifika.

Katika ukoo wa Athanasi, mume wa Felisita, watu hawahami kimya. Baba wa nyumba huwapitia wote waliozikwa pale, akawaambia tunakwenda mahali fulani, mbaki salama. Siku ile lori lilikuwa linapiga honi, ng'ombe wametawanyika, na Athanasi alikuwa juu ya nyumba anang'oa miti ya paa aende nayo. Hakuna aliyemwambia mtoto neno.

Sasa mwaka uliofuata maboga ya shule yalikaushwa na jua, na Felisita hakutaka somo lake life. Akawaongoza watoto mpaka kwenye mahame ya nyumba yake mwenyewe ya zamani, ambako maboga yalikuwa yameota yenyewe kwenye samadi ya zizi la zamani. Watoto walikata, wakabeba vichwani. Mche mmoja ulikuwa umetambaa mpaka juu ya kaburi dogo, na pale katikati lilikaa boga moja, duara, zuri kuliko yote. Hilo Felisita alilikata kwa mkono wake, nalo ndilo likawa la thelathini na mbili. Aliona ni haki yake, na nani angembishia?

Wazee kijijini waliguna waliposikia watoto wanagonga maboga kwa vidole. Huku kwetu boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha unakunja kidole, unaonyesha kwa kifundo. Felisita aliwajibu kwamba haya yamekomaa, hayana neno. Akawapa watoto chokaa iliyobaki kwenye kupaka darasa, masizi ya sufuria na udongo mwekundu wa kichuguu, na kwa siku mbili darasa lile lilikuwa na furaha ambayo kijiji kizima hakikuwa nayo.

Ndipo ikaja nukta ile ya Jumanne. Felisita alimshuku Malimi, msichana mwenye mdomo mrefu kuliko wenzake wote. Malimi akakana, akaonyesha boga lake kwa kifundo kama bibi yake alivyomfunza, akasema yeye na lake, mwalimu na lake. Jumatano nukta zilikuwa saba. Alhamisi zilizunguka kikonyo mduara mzima.

Ijumaa saa sita mchana, watoto wakiwa shambani kwenye pamba, Felisita alibaki darasani akisahihisha madaftari. Jua lilikuwa utosini na nje hata kuku walikuwa wamenyamaza. Akasikia nyuma yake mgongano mdogo, laini, wa kitu kinachogusa ganda lenye uwazi ndani, mara moja, kisha kimya, kisha mara moja tena, na kila mguso ulikuja na harufu ya samli, samli ile ile aliyompaka mtoto wake siku tisa mfululizo ili ngozi isipasuke, na akajua kwamba akigeuka sauti itakoma, na hakutaka ikome, akakaa vile vile kalamu mkononi, wino ukidondoka kwenye daftari la mtoto wa watu, mpaka watoto wakarudi wakiimba.

Alipogeuka, aliinama akazitazama nukta kwa karibu. Kila nukta ilikuwa na mstari mwembamba katikati. Mektilda aliwahi kujikata kwa mundu ncha ya kidole cha shahada, na kovu likabaki.

Utadhani Felisita alipiga kelele. Hakupiga. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Tangu siku hiyo kila mchana aliwatoa watoto mapema, akaacha kibakuli cha chokaa mezani, akakaa ameipa meza mgongo. Siku moja alisikia kabisa, chini chini, mtoto akiita, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Alirudi nyumbani anatembea kama bibi harusi, na Athanasi akashukuru Mungu kwamba mkewe ameanza kupona.

Kisha boga la Bundala, kijana wa dawati la kwanza, lilikutwa na nukta moja yenye mstari. Jioni Bundala alishikwa na homa. Felisita aliiona nukta ile. Akaifuta kwa pindo la khanga, akanyamaza, akajiambia homa ni homa. Baada yake wakaugua wengine wawili, naye akafuta tena. Mimi simhukumu, lakini ukweli lazima usemwe: alijua, akafuta.

Wa nne alikuwa Malimi. Bibi yake alimwita mwalimu aje amwone. Chumba kilikuwa na giza la moshi na harufu ya samli, na bibi aliapa kwamba nyumbani kwao hapakuwa na samli tangu ng'ombe wao wa maziwa afe. Akafunua shuka. Vipele vilikuwa vimejipanga kwa mistari, vikubwa tumboni, vidogo vidogo kuelekea shingoni, na kila kipele kilikuwa kimegawanywa katikati na mstari mwembamba. Mtoto alikuwa anapumua kwa shida, macho yamefumba, na vidole vyake vilikuwa vinachezacheza kama anashikana mikono na mtu asiyeonekana.

Felisita alitoka nje, akaenda kumwambia mumewe kila kitu.

Athanasi hakumgombeza. Alipanda baiskeli mpaka Somanda, akarudi na Bimdogo, mama muuza vitambaa ambaye watu wa mji walimwendea wakisumbuliwa na majini. Bimdogo aliingia darasani peke yake saa sita mchana. Alikaa humo kwa muda, na alipotoka alikuwa anafuta machozi kwa ushungi.

"Majini nayajua, mwanangu," alimwambia Felisita kwa sauti ya chini. "Jini nikilitukana linanitukana. Huyu ni mtoto tu. Mlimwacha bila kumuaga, kasikia wenzake wanacheza kwenye nyumba yenu, kawafuata. Anawagusa acheze nao. Hajui kama mkono wake unaua."

Felisita akauliza kama hawezi kubaki bila kuwagusa wengine. Aliuliza hivyo, na Malimi yuko taabani nyumba ya tatu kutoka pale.

"Mtoto wa miaka sita utamkataza kucheza?" Bimdogo akasema. "Utamfukuza wewe mwenyewe. Mimi hanijui."

Kesho yake walikwenda mahameni watatu, Felisita amelibeba boga kifuani kama mtoto. Wakaliweka juu ya kaburi. Athanasi alimuaga mtoto kwanza, kwa Kisukuma, kuaga kulikochelewa mwaka mzima, mpaka sauti ikamkatika. Kisha ikawa zamu ya mama. Bimdogo alimweleza: anyooshe kidole kwenye boga la mwanawe, kidole kilichonyooka, kama ambavyo hakuna mtu anayethubutu kufanya, aseme nenda. Boga litaoza, na njia itafungwa.

Aliinua mkono. Kidole kikajikunja chenyewe. Akajaribu tena, kikajikunja, na upepo ukatulia, na samli ikanukia mpaka kooni, na pale kaburini majani ya maboga yakaanza kutikisika kwa chini kana kwamba kuna mtu anajificha ndani yake akicheka, anangoja kutafutwa, kama alivyokuwa akifanya kila jioni mama yake akirudi kutoka shuleni, na Felisita akamfikiria Malimi, akamfikiria tena mwanawe, akafumba macho, akanyoosha kidole.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mama anabaki."

Kwenye ncha ya kidole chake akahisi mguso, mdogo, wa baridi, wenye unyevu. Alipofumbua macho boga lilikuwa limebonyea na maji meusi yanatiririka kwenye udongo. Wakati huo huo kijijini Malimi alikaa kitandani akaomba uji, na homa ikawatoka Bundala na wale wawili.

Bimdogo alimimina maji ya kunawa, akasisitiza kila mmoja anawe mikono kabla ya kuondoka, pasibaki kitu. Felisita alinawa. Ila alinawa mkono wa kushoto mara mbili, na wa kulia akaufumba, kwa sababu kwenye ncha ya kidole cha shahada kulikuwa na nukta nyeupe yenye mstari katikati.

Alifundisha miaka mingi baada ya hapo. Chaki aliishika kwa mkono wa kushoto, na hakumgusa tena mtoto kwa mkono wa kulia, hata mwanawe wa kiume aliyemzaa mwaka wa sabini na saba, ambaye alikua akiamini mama yake hampendi. Saa sita mchana, darasa likiwa tupu, alikunjua kidole kile, akakinusa. Watoto walimcheka wakitoka nje, wakimwiga, kwa sababu mwalimu akitaka kumwonyesha yeyote kati yao alikunja kidole, akaonyesha kwa kifundo, kama mtu anayeonyesha boga changa.