Zinki Isiyopakwa Rangi

Maiti ya mpiga mbizi ilionekana Jumatano saa moja asubuhi, imenaswa katika kamba za kufungia boti chini ya gati. Bega la kulia lilikuwa limepasuliwa na kitu kizito kilichopita kwa kasi, na ubavuni mwa mtungi wake wa hewa palikuwa na mchubuko mrefu wenye chembe za rangi ya kijivu.

Inspekta alipiga magoti juu ya mbao zilizolowa, akazikwangua chembe zile kwa ncha ya kisu, akazitia katika bahasha. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele ya maiti. Aliona ni utovu wa adabu.

"Anapokuwa chini, huweka alama gani juu?" aliwauliza wenye boti.

"Boya jekundu, Afande, kubwa kama tikiti," alijibu mmoja wao. "Ili usilione, labda uwe umelala."

Boya lenyewe lilipatikana kwenye mawe, lilikosukumwa na maji. Kamba yake ilikuwa imekatwa kwa kisu. Marehemu alikuwa ameshuka Jumanne asubuhi kusafisha minyororo ya gati. Bahari ilikuwa shwari na jua limekwisha kuchomoza. Gati zima likakata shauri moja: aliyempitia juu aliliona boya. Inspekta naye akakata shauri lilo hilo, jambo ambalo hakujisamehe upesi.

Karakana ya Fundi, mtengenezaji wa injini za boti, ilitazamana na gati. Ilikuwa chumba kirefu, chenye giza mlangoni na mwanga upande wa baharini. Spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, makopo ya rangi yamefutwa midomo. Fundi alikuwa baba mkwe wa marehemu. Alipotokea uani, kabla hajavuka kizingiti, sauti ya binti yake ilimtangulia kutoka ndani.

"Kidato, Baba."

Mzee akashusha mguu taratibu, akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake kama mtu anayetembea ndani ya kumbukumbu.

Binti, ambaye tangu asubuhi ile alikuwa mjane, alikaa juu ya kreti. Hakuwa akilia. "Afande, aliyefanya hivi ana jina," alisema. "Nataka uniletee."

"Nitakuletea," akasema Inspekta, ambaye hakuwa na desturi ya kutoa ahadi za kumfariji mtu.

Fundi aliinamisha kichwa.

"Mzee, miguu ya injini inayozama majini hapa gatini yote ni myeusi, isipokuwa mmoja," alisema Inspekta. "Ule wa yule mwenye boti, Kinyonga, ni wa kijivu, na unanuka rangi mbichi. Nani aliupaka?"

"Mimi jana nilifungua saa tatu," akajibu Fundi. "Nikaukuta umeshapakwa."

"Kazi hiyo hufanywaje?"

Hapo sauti ya mzee ilinyooka, kama mgonjwa aliyetajiwa kijiji alichozaliwa. "Mguu ni alumini, Afande, na chumvi huula kimyakimya. Kwanza unauosha kwa maji matamu. Unaupiga msasa mpaka ule unga mweupe uishe. Hapo usiende kunywa chai. Unaupaka rangi ya msingi papo hapo, kabla hewa haijaurudia. Ikikauka ndipo rangi ya juu. Lakini hiki kipande cha zinki," akapapasa mguu mwingine uliokuwa juu ya meza mpaka kidole kikakipata, "usikiguse kwa brashi hata ukiwa umelewa. Kazi yake ni kuliwa, ili mguu usiliwe. Ukikipaka rangi umekiziba mdomo, na chumvi itahamia kwenye mguu."

Saa sita mchana Kinyonga alikuwa kituoni. Jina hilo alipewa kwa sababu boti yake haikumaliza mwaka na rangi moja. Safari hii ilikuwa ya kijani. Jumapili iliyopita watu walimsikia akimwambia marehemu, "Boya lako hilo, siku moja nitalipiga kama mpira."

"Ulisema hivyo?" aliuliza Inspekta.

"Nilisema. Naye akaniambia nina akili za pweza. Ndivyo tulivyosalimiana miaka yote, Afande."

"Injini yako ilipakwa rangi lini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Jumatatu jioni niliiacha kwa Mzee pamoja na boti, maana ilikuwa inakohoa kuliko bibi yangu. Mguu ulikuwa umebabuka, umeota unga mweupe. Jana jioni nikaukuta unang'aa. Nikasema, Mzee kanionea huruma."

"Fundi anasema aliukuta umeshapakwa."

Mzaha ulimtoka Kinyonga usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka.

"Mzee kasema hivyo?"

"Kasema."

"Basi andika anavyosema yeye," alisema polepole. "Mimi nilikuwa mtoto wa kuokota samaki waliodondoka. Yule ndiye aliyenishikisha usukani. Yule hasemi uongo. Labda mimi ndiye niliyesahau."

Maneno hayo yalimnyima Inspekta usingizi. Mwongo hujitetea, huyu alikuwa akimtetea shahidi anayemfunga.

Alhamisi saa mbili asubuhi aliamuru injini ile iwekwe mezani katika ua wa kituo, akaichunguza peke yake. Chini ya rafadha inayosukuma maji, pezi la mguu lilikuwa limepigwa likamegeka, likajazwa lipu ya gundi na kusuguliwa mpaka likarudia umbo lake. Alikwangua: rangi ya juu, kisha rangi ya msingi, kisha alumini safi isiyo na chembe ya unga. Rangi ile aliyokwangua kwenye mtungi ililingana na mabaki ya rangi ya zamani yaliyokuwa kwenye kona za juu, ambako msasa haukufika.

Halafu akaona zinki. Injini ile ilikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa juu, kwenye kishikio kinachoifunga injini kwenye boti. Kinyonga alipopaka boti yake kijani aliipaka na hiyo, pamoja na skrubu, pamoja na kipande cha kamba kilichokuwa karibu. Ya pili ilikuwa mguuni. Hiyo ilikuwa tupu, kingo zake zimenyooka, dalili kwamba ilizibwa kwa utepe wa karatasi kabla brashi haijasogea.

Mtu aliyekuwa akificha kifo hakuwa na moyo wa kuiharibu injini.

Lakini upande wa kushoto, mahali palipo wazi kabisa, palibaki doa pana kama kiganja ambapo rangi ya juu haikufika. Rangi ya msingi, nayo ya kijivu, ilionekana imefifia bila mng'ao. Mikono iliyofanya kazi ile isingeacha doa kama lile. Inspekta aliinama juu yake kwa muda mrefu, akakumbuka kidole kilichopapasa zinki mezani, na sauti iliyomtahadharisha mzee mlangoni.

Saa kumi alasiri aliubeba mguu ule hadi karakana. Alimchukua na Kinyonga. Mjane alikuwa kwenye mlango wa upande wa baharini, akikunja nguo za marehemu.

"Mzee," alisema Inspekta, "nataka maoni ya fundi. Kazi hii ni ya mtu anayejua, au ya mlipua kazi?"

Fundi aliuzungusha mguu, vidole vikapita juu ya pezi, juu ya zinki, juu ya doa. "Ni ya mtu anayejua," alisema.

"Imekamilika?"

Mzee akaugeuzia kwenye mwanga, akausogeza karibu na uso. "Imekamilika."

"Baba," alisema binti yake kutoka mlangoni, bila kufikiri, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto, "si hilo doa hapo? Mimi naliona kutoka huku."

Binti alimtazama Inspekta, akautazama mguu, akamtazama baba yake. Nguo iliyokuwa mikononi mwake ilibaki imekunjwa nusu.

"Ni mtoto wa jicho," alisema Fundi hatimaye. "Macho yote mawili. Rangi zote zimenififia, Afande. Boya na maji kwangu ni kitu kimoja. Jumanne asubuhi nilitoka na boti ya Kinyonga kuijaribu injini, nikasikia kishindo. Nikadhani ni gogo. Rafadha ikakwama, nikaishika kamba iliyojisokota, nikaikata. Mwisho wa kamba palikuwa na boya. Boya hilo nililifunga mimi, la mkwe wangu."

"Ukanyamaza."

"Nani angeniletea injini tena? Nami ningemwambia nini huyu binti yangu? Nilidhani mtasema ni boti isiyojulikana. Ulipomkamata kijana, nikasema kesho nitasema."

"Mzee," alisema Kinyonga kwa sauti ndogo, "ungeniambia tu. Ningesema ni mimi."

"Ndiyo sababu sikukwambia."

"Lakini ulikubali kijana aliwe kama zinki," alisema Inspekta. "Kumgonga mkweo ilikuwa ajali, ingawa ulijua kuwa usukani haukuwa wako tena. Kumwacha mtu asiye na hatia alale sakafuni kwa jina lako, hiyo haikuwa ajali. Kwa nini ulipaka, na kupaka vizuri hivyo?"

Fundi alifikiri. "Nilikusudia kuziba alama tu. Mikono ikaendelea."

Binti alikuwa amekaribia meza. "Jumanne mchana nilikuletea chai," alisema. "Nilikuuliza, Baba, umemwona? Ukasema atakuja. Ukaimaliza chai."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kilio hicho kitakuwa cha nani.

Inspekta hakumtia pingu. Alimfungulia njia tu, na Fundi akanyanyuka, akapita katikati ya spana na makopo yake bila kugusa kitu, mpaka kwenye giza la mlango. Hapo akasimama, mkono mmoja ukutani, kichwa kimeinama kidogo upande, kama alivyozoea. Alikuwa akisubiri. Nao wote wakasubiri pamoja naye.

Binti yake alikuwa ameuweka mkono juu ya mguu wa injini, mahali penye doa, uso ameuelekeza baharini.

"Kidato, Mzee," alisema Inspekta, akamshika kiwiko.