Matundu Yaliyozibwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kijiti aliwafungulia kuku, akawamwagia pumba, kisha akafagia ua. Jina hilo alipewa na baba yake kwa wembamba wake, likamganda.

Baba alikuwa fundi mwashi. Jirani yao alikuwa mshonaji nguo, ambaye Kijiti alimwita shangazi ingawa hawakuwa na undugu wa damu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bonde dogo. Mto ulipojaa, maji ya ziada yalipita hapo, yakakatiza ua wa kina Kijiti na kutandaa kwenye uwanja mtupu. Baba alipojenga ukuta kati ya nyumba hizo mbili, aliacha matundu chini ili maji yapite.

Lakini kuku nao walipita, wakadonoa mboga za shangazi mpaka zikabaki vijiti.

"Ziba hayo matundu," Baba aliagiza siku moja. "Mto wenyewe haujajaa miaka mingi."

"Nimwambie shangazi?"

"Ya nini kumtia wasiwasi?"

Kijiti akaziba kwa mawe na saruji.

Msimu wa mvua ulipofika, milima ya mbali ilifunikwa na wingu zito siku kadhaa, ilhali mtaani jua liliwaka. Alasiri moja Kijiti alirudi shule akakuta maji ya rangi ya udongo yamefika barazani kwa shangazi.

"Yanatoka wapi haya, na hapa halijadondoka hata tone?" shangazi aliuliza, akihangaika na ndoo.

Kijiti alikumbuka somo la darasani. Mvua ya milimani huanza kwa kunywewa na udongo. Udongo ukishiba, maji yanayobaki hutiririka vijitoni, vijito vikaingia mtoni, na mto ukawafikia watu wa chini baadaye, hata kama kwao ni kukavu.

"Zamani yalikuwa yanapita," shangazi alisema, macho yake yakiwa ukutani. Katika chumba cha nyuma alilala mama yake, bibi aliyepooza miguu.

Kijiti naye aliutazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta ua wao ulikuwa mkavu, na mifuko ya saruji ya Baba imepangwa pale.

"Shangazi, matundu yamezibwa. Niliyaziba mimi."

Shangazi alimtazama kidogo, wala hakumlaumu. "Lete mtaimbo," alisema.

Walimbeba bibi kwanza, wakampeleka kwa kina Kijiti, ambako msingi wa nyumba ulikuwa mrefu. Kisha wakasimama pembeni ya ukuta, wakachokonoa tundu la kwanza. Maji yalifoka, yakang'oa matofali, na kipande kizima kikaanguka. Ua ukageuka mto. Kuku walirukia paa la banda. Mifuko ya saruji ikalowa yote. Kwa shangazi, maji yakaanza kushuka.

Baba aliporudi jioni alisimama mlangoni, begi la vifaa begani.

"Ni mimi, Baba," Kijiti alisema. "Nimemwambia shangazi ukweli."

Baba alivuka tope la uani. Aliugusa mfuko mmoja wa saruji. "Na bibi yuko wapi?"

"Kitandani kwako."

Baba aliingia, akachuchumaa kando ya kitanda. "Mama, nisamehe."

"Nilikuwa nayasikia maji chini ya kitanda, mwanangu," bibi alisema taratibu. "Sikuweza hata kukunja mguu."

Baba aliinamisha kichwa. Kesho yake alianza kubomoa ukuta uliosalia, ili pale aweke uzio wa waya, unaozuia kuku na kupitisha maji. Kijiti alimsaidia kupanga matofali.

"Nilikuamuru uzibe, na kosa hilo ni langu," Baba alimwambia. "Lakini kusema ukweli huku ukijua nitapata hasara, huo ni uungwana wako. Maji ya milimani lazima yapate pa kupita. Nilipoyafungia njia kwangu, niliyapeleka kitandani kwa mgonjwa. Na nilipokwambia unyamaze, nilimnyima jirani nafasi ya kujiokoa."