Unga Uliokataa Kuwaka

Asubuhi ile dada yangu na mumewe waligombania soksi. Shemeji alikuwa amevaa moja nyeusi na moja ya buluu, dada akamwambia anamtia aibu, naye akajibu kwamba magunia hayana macho. Wakacheka, wakafunga mlango, wakaondoka pamoja kama kawaida yao. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu watu wa mtaani kwetu wakisimulia kisa hiki huanza na bundi na paka mweusi. Hakukuwa na paka. Kulikuwa na soksi.

Dada ni mpimaji wa kemikali. Kwa maneno mepesi, kazi yake ni kuchoma unga. Kiwanda kikitengeneza kemikali ya ungaunga, lazima ijulikane ikishika moto inaungua kwa kasi gani, ndipo iamuliwe itawekwa wapi. Dada huukausha unga, huujaza kwenye kalibu, chombo kirefu cha kuupa umbo, huigongagonga ili unga ushikane, kisha huugeuza juu ya bamba baridi ukae kama tuta dogo la shambani. Huwasha ncha moja kwa mwali wa gesi, akautazama moto ukitambaa kutoka alama ya kwanza hadi ya pili, saa mkononi. Ukikimbia kupita kiwango, unga huo ni wa hatari na unahamishiwa ghala la peke yake, mbali na watu. Usipokimbia, unakaa popote kama unga wa ngano.

Unga wa siku ile ulikuwa na rangi ya ganda la kitunguu, na ulitoka kiwanda cha ng'ambo ya barabara, mbele ya maabara yake. Magunia yake yalikuwa yameshapangwa ndani ya ghala la kiwanda hicho, toka sakafuni hadi karibu na dari, nyuma ya kiti cha mtunza ghala. Mtunza ghala mwenyewe ni shemeji. Juu ya magunia kulikuwa na boksi la swichi lililozoea kutema cheche, na kila alipolalamika aliambiwa fundi yuko njiani. Huyo fundi sijui alikuwa anakuja kwa magoti.

Kwa hiyo dada hakuwa na muda wa kuchezea. Alichota unga kidogo kwa ncha ya kijiko, akausogeza kwenye mwali. Ukawaka fyaa, mara moja, hata akarudi nyuma. Alijua pale pale kwamba yale magunia lazima yatoke nyuma ya mumewe. Lakini kijiko si kipimo. Kinachokubalika ni tuta.

Akatengeneza tuta, akaliwasha. Moto ukapita alama ya kwanza ukiwa na hamu kweli. Katikati, tss. Ukazimika.

Dada akainama kutazama. Pale moto ulipoishia palikuwa na kishimo kidogo, na unga wa ndani yake ulikuwa umelowa.

Akadhani ni jasho lake. Akabadilisha glavu, akaukausha unga upya, akafuta bamba, akarudia. Tss. Kishimo kilekile, mahali palepale. Akafunga madirisha, akazima feni, akarudia tena. Ikawa vilevile.

Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Bwana Mihuri kwa jinsi anavyopenda kugonga mihuri, akachungulia mlangoni.

"Bado tu?"

"Unga unalowa, bosi. Sijui maji yanatoka wapi."

"Mikononi mwako, yatoke wapi kwingine? Kama hauwaki, hauwaki. Niletee nigonge muhuri watu waendelee na kazi."

"Unawaka! Nimeuona kwenye kijiko!"

"Kijiko hakimo kwenye kanuni, mama. Na majaribio hayarudiwi mpaka mwisho wa dunia. Limebaki moja."

Akaondoka. Dada aliniambia siku ile alitamani kulia kwa hasira. Kitu anakiona kwa macho yake, mume wake amekipa mgongo, na hakuna wa kumsikiliza. Mimi namwelewa. Hata leo nikimkumbuka yule Bwana Mihuri damu inanichemka.

Akalipanga tuta la mwisho. Safari hii hakuangalia moto. Aliangalia mbele ya moto, pale ambapo kishimo hutokea.

Moto ukaja. Unga ukabonyea.

Wenyewe. Taratibu. Kama mtu ameubonyeza kwa kidole.

Ndipo akakumbuka. Marehemu aliyemfundisha kazi ile aliitwa Mzee Gumba. Moto ukishapita alama ya pili, mzee alikuwa analamba kidole gumba na kuubana mkia wa tuta, tss, eti anaokoa bamba lisijae masizi. Ni kosa kubwa kikazi. Dada alimgombeza miaka yote, na mzee alicheka tu. Tulimzika msimu wa mvua uliopita.

Moto ulikuwa haujazimika bado. Ulikuwa unapigana na ule unyevu, unafifia, unainuka, unafifia.

"Mzee," dada akanong'ona. "Niachie. Mume wangu yuko kule."

Unga ukabonyea zaidi.

"Mzee, nakuomba."

Mwali ukawa mdogo kama punje. Hapo uvumilivu ukamwishia. Hasira zote za asubuhi ile, za unga, za Bwana Mihuri, za fundi asiyefika, zikamtoka kwa mara moja.

"Toa mkono wako! Nenda zako! Nimekuambia toa mkono!"

Kishimo kikajaa. Unga ukarudi juu, mkavu. Moto ukainuka, ukakimbia hadi alama ya pili, ukapita, ukamaliza tuta lote. Dada akabonyeza saa, akapiga kelele ya furaha, akageukia dirisha kumwonyesha mtu yeyote kwamba ameshinda.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la ghala.

Alivuka barabara bila kuangalia magari. Ghala zima lilikuwa linaunguruma, mlango haukaribiki. Zimamoto walikuwa hawajafika, hakukuwa na hata ndoo moja ya maji. Alikuwa anaita jina la mumewe aliposikia mtu akikohoa nyuma yake.

Shemeji alikuwa amesimama kando ya ukuta. Hana hata unywele ulioungua. Alikuwa amelowa chapachapa, maji yakimchuruzika vidoleni.

Jioni nilikuwa kwao alipotueleza, kwa sauti ya chini kama anayeogopa kusikiwa.

"Cheche zilikuwa zinadondokea magunia tangu asubuhi. Kila ikidondoka, inazima. Tss. Nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Halafu nikasikia anaondoka."

"Wewe ukatokaje?" nikamuuliza.

Akajifuta maji vidoleni. "Sikumbuki kutoka."

Dada alienda kuchemsha chai. Kiberiti kilikataa. Njiti baada ya njiti, inawaka, inafifia, inakufa. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akimtazama. Alipotoka kwenda uani, njiti ikawaka. Aliporudi, jiko likazimika. Tulikunywa maji.

Kesho yake zimamoto walipiga simu. Wamepata mwili chini ya magunia, karibu na kiti. Waje ndugu kuutambua.

"Wamekosea," dada akasema. "Mume wangu huyu hapa." Shemeji alikuwa mezani, amempa mgongo. "Nenda wewe ukawaambie wamekosea."

Nikaenda. Nilienda nikiwa nimekasirika, nimejiandaa kugomba, maana mtunza ghala alikuwa mmoja na alikuwa hai. Mtu wa zimamoto akafunua shuka upande wa miguu tu. Alisema kwingine nisiangalie.

Shemeji aliwahi kuanguka na pikipiki. Madaktari walimwekea chuma kwenye mfupa wa mguu wa kushoto, chini ya goti, na skrubu moja ilikaa upande. Nilikuwa nimeiona picha ya eksirei, alikuwa anaionyesha kila mgeni mpaka tukamchoka.

Moto ulikuwa umebakiza mfupa tu, na chuma kilikuwa pale. Skrubu ilikuwa imekaa upande.

Sikumbuki nilivyorudi. Nilipofika, pazia lilikuwa limeshushwa. Shemeji alikuwa bado mezani, palepale, mikono juu ya meza, ametulia. Dada alitoka kunipokea kabla sijavua viatu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilifungua mdomo, naye akauziba kwa kiganja chake.

"Usiniambie," akanong'ona.

Kisha akachukua tambara, akapiga magoti, akaendelea kufuta maji chini ya kiti cha mumewe.