Jogoo Aliyemeza Dawa ya Nyamusi

Kila asubuhi kabla ya shule, Nyamusi alifagia uwanja wa kwao huko Kehancha na kuwamwagia kuku mahindi. Wiki hiyo alifagia akichechemea. Jumatatu alikuwa ameshuka kwenye pikipiki upande wa ekzosi, bomba la moshi lenye moto, likamuunguza mguu.

Muuguzi Metrine wa zahanati alikuwa amekifunika kidonda kwa utando mwororo kama jeli, kisha akafunga bendeji.

"Utando huu umebeba dawa ya kuua bakteria," alimweleza. "Dawa itatoka kidogo kidogo kwa siku tano. Usiubandue."

Lakini Ijumaa kulikuwa na netiboli dhidi ya wasichana wa Kegonga, na mfungaji wa timu alikuwa Nyamusi. Jumatano akaubandua utando, akauanika juu ya jiwe.

"Ukipata jua, dawa yote itatoka mara moja," alimwambia rafiki yake Liz. "Kesho nitakuwa nimepona."

"Kwa nini usipone jana kabisa?" Liz akamuuliza.

Wakiwa wanabishana, jogoo akaudonoa utando, akatimua mbio nao. Walimfukuza hadi kwenye shamba la tumbaku. Walipomkamata, alikuwa ameshaumeza, ametulia kama mzee aliyeshiba arusini.

Nyamusi aliogopa kumwambia mama yake. Akakata kipande cha ugali baridi, akakipachika kidondani mahali pa utando na kufunga bendeji, ili ionekane haijaguswa.

Alhamisi mguu ulivimba. Katikati ya somo la hesabu, sisimizi wakapanda kwa mstari kuufuata ule ugali. Nyamusi akaruka juu.

"Nyamusi, jibu huandikwa, halichezwi," alisema Mwalimu Wangwe. Alipouona mguu, akamwita mama yake Nyamusi, wakaenda zahanati.

Metrine alifungua bendeji.

"Mimi niliweka dawa," alisema. "Huu ugali amepika nani?"

Nyamusi akalia, akasimulia yote. Metrine alikisafisha kidonda, akaweka utando mpya.

"Na jogoo?" mama akauliza.

"Msimchinje kwanza. Naye ana dawa mwilini."

Ijumaa Nyamusi alitazama mchezo akiwa ameketi. Timu yao ilifungwa. Siku tano zilipotimia, kidonda kilikuwa kimekauka.

"Mwili hupona polepole, ndiyo maana dawa nayo hutoka polepole," Metrine alimwambia. "Lakini ukweli, mwanangu, utoe wote mara moja."