Mapipa Manne Ukunguni

Kila asubuhi kabla ya shule, Zabibu alimsaidia baba yake, Mzee Mrisho, kufukuza mbuzi kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Newala. Baba alikuwa mlinzi wa uwanja. Mapipa yaliyopangwa kando ya njia ya ndege, Zabibu ndiye aliyeyapaka chokaa, na kila moja alilijua kwa kutu yake. Ndege zenyewe zilikuwa chache, nyingi za wanunuzi binafsi wa korosho, walioanza kuja serikali ilipofungua biashara hiyo kwa watu binafsi.

Siku moja ndege ilikuwa inamjia mama yake, impeleke hospitali. Mama Zabibu alilala kwenye machela kando ya uwanja, uchungu umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Barabara ya Masasi ilikuwa imekatwa na mvua.

"Vumilia, Mama Zabibu," Nesi Paulina alimbembeleza.

Lakini ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvuma. Ndege ilisikika ikizunguka juu.

"Nikitazama chini nauona uwanja," rubani, Kapteni Benedikto, alisema kwenye redio ya upepo aliyoishika Mzee Mrisho. "Ila nikishuka nitatazama mbele, ndani ya ukungu. Nihesabieni mapipa. Yakionekana sita, natua."

Macho ya Mzee Mrisho yalikuwa yameanza kufifia. Akamwuliza binti yake, "Unaona mangapi?"

"Sita, baba!"

"Zabibu. Hilo la tano unaliona, au unajua tu kwamba lipo?"

Zabibu akakodoa macho. Pale pa pipa la tano palikuwa na ukungu mtupu. Machozi yakamlengalenga.

"Manne, baba. Lakini mama..."

Mzee Mrisho akabonyeza redio. "Manne, Kapteni."

"Hayatoshi. Nangoja kidogo. Mafuta yakipungua, itabidi nirudi Mtwara."

Jamani, kungoja kule! Mama aliguna, Nesi akamfuta jasho, na Zabibu hakubandua macho kwenye ukungu. Mara upepo ukavuma, ukungu ukaanza kutawanyika.

"La tano, baba! Naliona kweli! Na la sita lile!"

Mzee Mrisho akamjulisha Kapteni. Ndege ikatua salama, ikamchukua mama.

Jioni redio ikaleta habari: mama mzima, mtoto wa kiume. Baada ya kucheka na kurukaruka, Zabibu akauliza, "Baba, asubuhi hukumwonea huruma mama?"

"Nilimwonea, mwanangu. Ndiyo maana nikasema manne. Rubani akishuka ukunguni, macho yake ni sisi. Tungemdanganya, ndege ingeanguka, na mama yako angebaki pale pale kwenye machela. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, hata ikikuuma."

Zabibu akamkumbatia, wakalia wote wawili.