Sauti ya Kompyuta ya Ndani

Uvumi ule ulimganda Sindano kama kupe. Kina mama kwenye foleni ya kliniki walinong'onezana kwamba dawa ya homa ya watoto inayoletwa ni maji ya rangi. Sindano alikuwa jasusi. Na mtoto wa kaka yake alikuwa amelazwa kwenye wodi ile ile inayosubiri dawa hiyo, mwili ukimchemka kama chungu.

Sasa alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya Bosi, mwenye dawa hiyo, ndani ya ovaroli ya fundi wa kompyuta.

Kifaa cha sikioni kikanong'ona; ni wenzake wa ujasusi.

"Lori la dawa limeondoka. Njia hatuijui."

Akakohoa. Ishara kwamba amesikia.

"Dada fundi," alisema Bosi, jasho likimtoka na kiyoyozi kinavuma. "Mtu wangu namwona kwenye skrini anachezesha midomo tu. Kama samaki."

Ndani ya kompyuta yake mlikuwa na kompyuta nyingine, isiyo na umbo, iliyoundwa kwa programu tu. Humo alipanga magendo yote, kisha akafuta. Aliiamini kuliko mkewe.

Sindano akajaribu sauti ya kompyuta ya nje. Muziki ukalia.

Ya ndani, kimya.

"Hii huwa unaizima?"

"Nailaza tu. Nikirudi naiamsha ilipoishia."

"Ndiyo maana. Ililala ukiwa na hedifoni. Imeamka hedifoni hazipo, nayo bado inazitafuta. Bila kuizima kabisa, mipangilio ya sauti haiguswi."

Bosi akasita.

"Zima."

Sindano akaizima. Akaichagulia spika na maikrofoni za kompyuta ya nje. Kisha akachomeka flashi.

Baunsa wa Bosi, aliyesimama nyuma yake, akamdaka kiganja.

"Hiyo ya nini, shangazi?"

"Programu ya sauti. Au utaimba wewe?"

Bosi akacheka. Baunsa akaachia.

Sindano akaiwasha tena kompyuta ya ndani, spika ikaunguruma. "Bosi, unanisikia?"

"Kama uko mfukoni mwangu. Dada, subiri koridoni."

Koridoni, Sindano aliegemea ukuta. Kila neno la kompyuta ya ndani sasa lilipita kwenye ile ya nje. Na kwenye ile ya nje ilikuwepo flashi yake, ikiwarushia wenzake kila sauti.

"Fundi, rudi hapa."

Bastola ilikuwa mezani.

"Mbona najisikia mara mbili? Kuna mtu katikati?"

Uso wa Sindano haukucheza.

"Spika ya mwenzako inairudisha sauti yako. Mwambie avae hedifoni." Bosi alipokuwa akimwambia, kidole cha Sindano kikabonyeza saa ya Casio mkononi. Flashi ikaacha kurudisha sauti.

Mwangwi ukafa.

"Haya," Bosi akamwambia yule mtu wake, dereva wa lori. "Pita barabara ya machimbo. Ukiulizwa, umebeba maziwa."

Sikioni: "Njia tumeipata. Lori tunalizuia."

Sindano akaanza kufunga mkoba wake, taratibu.

"Bosi, kuna askari mbe..."

Kimya.

Bosi akamgeukia. "Imeharibika tena."

"Hapana, kaka. Sauti iko sawa."

Mlango ukavunjwa. Sindano akawapisha askari, akajifuta mikono kwa kitambaa, akashuka ngazi.

Wazazi wenzangu mliosoma hadi hapa, epukeni haya:

Kununua dawa ya mtoto ambayo chupa yake imeshafunguliwa.

Kumwacha fundi msiyemjua na kompyuta yenu, hata akiwa mcheshi.

Kuchomeka flashi msiyojua ilikotoka.

Kudhani kompyuta ya ndani ina ukuta. Inasikia kwa masikio ya ile ya nje.

Kungoja homa ya mtoto ishuke yenyewe.