Nyumba Isiyo na Msumari

Akoth alitafuna hindi la kuchoma, akalimaliza, akaomba jingine. Mwanawe, Nicodemus Owuor, aliweka kikombe cha chai chini. Mamake hakuwa na magego tangu Vita vya Pili vya Dunia.

"Mama, meno umetoa wapi?"

"Yameota," akasema, akacheka kama msichana.

Wiki iliyotangulia hakuweza hata kusimama. Magoti yalikuwa yamemvimba, na daktari wa Nakuru alishasema hana dawa ya uzee. Nicodemus alikuwa seremala wa Bwana Hallam, mzungu aliyejenga nyumba ya ajabu kwenye nyika kavu chini ya mlima Suswa: nyumba ya mviringo, kama chungu kilichofudikizwa, mbao na vigingi tupu. Msumari ulikatazwa. Bwana alidai chuma huua mvumo wa nyumba, na mvumo ndio unaorudisha mwili ujanani. Wazungu walitoka hata Nairobi kuja kulala kwenye sakafu yake.

Bwana alipokwenda Ulaya, mwaka wa hamsini na sita, Nicodemus alimbeba mamake mgongoni, akamlaza humo, akaimba taratibu kama alivyoona Wazungu wakifanya. Kuta zikaitikia. Aliponyamaza, zenyewe ziliendelea.

Mama akatoka kwa miguu yake.

Sasa kila alasiri alikwenda kule peke yake, akarudi akinuka magadi na manyoya yaliyoungua. Nywele zikawa nyeusi. Mbuzi wakamkimbia. Na kila aliporudi alikuwa amesahau jambo: majina ya wajukuu, kisha kifo cha mumewe, kisha njia ya jikoni. Adhuhuri moja Nicodemus aliinua macho akaona mwanamke kijana amesimama mlangoni, shingo ndefu, ngozi laini, amevaa leso ya mamake.

"Kaka, hapa ni kwa nani?"

"Mama, ni mimi. Mwanao."

"Mimi sijazaa," akajibu, na chini ya sauti yake sauti nyingine ikavumisha maneno yaleyale, kwa kuchelewa kidogo.

Nicodemus alipanda lori mpaka Nakuru, akarudi na Bi Kuluthum, mganga wa mtaa wa Bondeni. Bibi huyo alinusa blanketi la Akoth, akalitupa.

"Jini halimpi mtu ujana, mwanangu," akanong'ona. "Linamla kuanzia mwisho. Likifika utotoni litabaki na ngozi, liivae."

"Anaweza kurudi?"

"Atarudi na magoti yake na maumivu yake yote. Unamtaka hivyo?"

"Namtaka mama yangu."

Walimkuta Akoth amelala katikati ya sakafu ya nyumba ya Bwana, macho wazi, jua kali likiwaka nje huku mle ndani baridi ikipanda kutoka kwenye mbao, na Bi Kuluthum alipoanza kusoma Ayatul Kursi kuta zikaanza kuyasoma maneno kinyumenyume, kwa sauti ya Akoth, kisha kwa sauti ya Nicodemus mwenyewe alipokuwa mtoto, ikimwita mama, ikimsihi Nicodemus asipigilie chuma, naye akaushika msumari wa inchi sita aliopewa na bibi, akauelekeza kwenye nguzo aliyoichonga kwa mikono yake, akapiga kwa nyundo huku akilia, akapiga tena, mpaka mti ukapasuka na kitu kikapita juu ya vichwa vyao kikipiga yowe na kuacha uvundo wa manyoya.

Mvumo ukakatika.

"Nico," sauti ya kizee ikaita. "Magoti, mwanangu. Magoti yananiua."

Alimbeba mpaka nyumbani. Jioni alikaa miguuni pake, akamkanda kwa samli ya moto, akimshukuru Mungu kwa kila mkunjo wa ngozi ile. Akoth alimtazama.

"Nilikujua," akasema.

"Lini, Mama?"

"Siku ile mlangoni. Nilijua ni wewe." Akageuza uso ukutani. "Lakini miguu haikuwa inauma."

Mikono ya Nicodemus ilisimama juu ya goti. Kisha akachota samli nyingine, akaendelea kukanda.